Karani Anapobaki Ofisini Usiku

Wengi wetu huku Kitale na Bungoma bado tunaamini kwamba kazi ya kalamu ni kazi nyepesi. Mzazi anauza ng'ombe ili binti yake asomee uhasibu, na akilini mwake ana picha moja tu: mtoto ataingia ofisini saa mbili asubuhi, atakaa kwenye kiti kivulini, na saa kumi na moja jioni atakuwa njiani akirudi. Kisha kazi inapatikana, watu wanashukuru, na kabla mwezi haujaisha simu zinaanza. "Mama, msiningoje, kuleni tu." Wiki inayofuata ni hivyo hivyo. Kama ameolewa, mume anaanza kuuliza maswali. Mama mkwe naye ana yake ya kusema, na mara nyingi si mazuri.

Katika kazi yetu ya kutembelea jamaa nyumbani tumelikuta jambo hili mara nyingi. Tunaitwa kwa ajili ya ugomvi wa mume na mke, au mtoto ambaye alama zake zimeanguka shuleni, na tukikaa chini kuzungumza tunagundua kwamba mzizi wa mambo uko katika ofisi ya hesabu ya duka fulani la jumla, au SACCO, au shirika la mikopo midogo. Mama anafika nyumbani saa tatu usiku. Hakuna aliyemweleza mapema kwamba itakuwa hivyo, na yeye mwenyewe hajui kama ana haki ya kuuliza. Ndiyo maana tumeona tulieleze polepole: kwa nini kazi hizi hazimaliziki saa kumi na moja, mwajiri anaruhusiwa kutaka nini, na sheria ya Kenya inasema nini.

Kwa nini hesabu haziishi jioni

Tuanze na kaunta. Keshia hawezi kufunga droo na kwenda zake kama vile fundi anavyofunga kibanda. Ni lazima ahesabu noti na sarafu, alinganishe na risiti, alinganishe tena na pesa zilizoingia kwa M-Pesa, aandike jumla kwenye kitabu au kompyuta, kisha akabidhi kwa mkubwa wake na wote wawili watie sahihi. Kazi hiyo huanza wateja wanapoisha. Mlango ukifungwa saa kumi na mbili, basi hesabu zinaanza saa kumi na mbili. Zikilingana, ni dakika arobaini hivi. Zikipungua hata shilingi 200, watu wote wanarudi mwanzo, risiti moja moja.

Hapa tuseme kweli. Mwajiri hakosei anapotaka hesabu zifungwe siku ile ile. Pesa zilizolala bila kuhesabiwa huzua maneno asubuhi, na aliyekosea jana leo hakumbuki alimpa nani chenji. Kosa ni pale mwajiri anapohesabu saa za kazi kuwa ni zile tu ambazo mlango uko wazi, na ile saa ya kufunga hesabu anaiona kama kitu cha bure.

Halafu kuna kalenda ya mwezi. Kodi ya mishahara, yaani PAYE, pamoja na michango ya NSSF na ile ya bima ya afya ya jamii, inatakiwa iwe imelipwa ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ripoti ya VAT inatakiwa ifikapo tarehe 20. Mwajiri anayechelewesha ripoti ya PAYE hutozwa faini ya asilimia 25 ya kodi hiyo au shilingi 10,000, ile iliyo kubwa. Kwa hivyo ukimwona karani wa hesabu anakwaruzana na watu tarehe 7 na tarehe 8, usishangae. Na ukiwa na shughuli ya nyumbani, kama vile kupeleka mahari au kumtoa mgonjwa hospitalini, usimpangie tarehe hizo kama unaweza kuepuka.

Kalenda ya mwaka nayo ina mizigo yake. Serikali za kaunti, yaani Trans Nzoia na Bungoma kama nyingine zote tangu mwaka 2013, hufunga mwaka wa fedha tarehe 30 Juni. Pesa kutoka Nairobi mara nyingi hufika katika siku za mwisho kabisa, na vocha zote zinataka kupita kabla ya usiku wa manane. Tarehe hiyo hiyo ya 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya watu binafsi kupeleka ripoti ya kodi ya mapato, hivyo ofisi ndogo za wahasibu mjini hujaa walimu, wauguzi na wafanyabiashara waliokumbuka jambo hilo jana. SACCO nyingi hufunga mwaka tarehe 31 Desemba, na sheria ya vyama vya ushirika inataka mkutano mkuu wa mwaka ufanyike ndani ya miezi minne. Hiyo ina maana kwamba Januari hadi Aprili wakaguzi wako ofisini, na karani anatoa faili moja baada ya nyingine.

Huku kwetu tunaongeza na mahindi. Mavuno yakianza katika Trans Nzoia, kuanzia mwezi wa Oktoba, malori yanapanga foleni kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka na ya wanunuzi binafsi. Mkulima aliyelala nje na gunia zake hataki kusikia kwamba karani wa malipo ameenda nyumbani, na kwa kweli ni vigumu kumlaumu. Kisha kabla ya mvua za Machi ni msimu wa mbegu na mbolea. Kitale ndiyo makao makuu ya Kenya Seed, na wauzaji wa mbegu wametapakaa kila soko mpaka Kimilili na Chwele. Katika wiki hizo, duka linaloitwa la pembejeo linaweza kufungua alfajiri na kufunga gizani.

Sasa angalia orodha hiyo yote. Hakuna tarehe hata moja ambayo humshtukiza mtu. Tarehe 9 iko kila mwezi. Juni 30 iko kila mwaka. Mahindi hayajawahi kuvunwa kwa siri. Tunapoambiwa kwamba "kulikuwa na dharura ofisini" miezi sita mfululizo, sisi tunaona hiyo si dharura. Ni ofisi yenye kazi ya watu watatu iliyoajiri wawili, basi.

Yale yasiyosemwa wakati wa usaili

Matangazo ya kazi za hesabu yana sentensi moja ambayo vijana wetu wameizoea mpaka hawaioni tena: mwombaji awe na uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo na bila kusimamiwa sana. Wengi huandika katika barua ya maombi kwamba wanao uwezo huo, kisha hawaulizi shinikizo lenyewe ni la saa ngapi. Tunaelewa. Mtu aliyekaa nyumbani miaka miwili na diploma yake ndani ya bahasha ya kaki hataki kuonekana mvivu mbele ya wenye kazi.

Lakini kuna namna ya kuuliza isiyomkosea mtu heshima. Badala ya kuuliza "Nitatoka saa ngapi?", muulize hivi: "Samahani mzee, hapa huwa mnafunga hesabu za siku saa ngapi? Na mwisho wa mwezi kazi huwa vipi?" Maswali hayo ni ya mtu anayeijua kazi. Mwajiri mwenye ofisi iliyopangwa atakujibu bila shida. Yule anayecheka na kusema "hapa sisi ni familia, hatuangalii saa" amekujibu pia. Familia ya namna hiyo huwa haiangalii saa za jioni, lakini ukifika saa mbili na dakika kumi asubuhi utaona kama saa ya ukutani haifanyi kazi!

Maafisa wa mikopo midogo wana hali yao, na sisi tunaiona kuwa nzito kuliko ya keshia. Kwa jina ni watu wa fedha, ila ofisi yao ni pikipiki. Asubuhi wako kwenye vikundi vya akina mama, labda Kiminini au Kamukuywa. Mchana wanafuata waliochelewa kulipa. Jioni wanarudi mjini kuingiza malipo kwenye kompyuta. Kikundi kikikosa kutimiza marejesho, kuna mashirika ambayo afisa haruhusiwi kuondoka mpaka pesa zipatikane, hata kama ni saa moja usiku na yuko kijijini peke yake. Tumewasikia wengine wakikiri kwamba walitoa pesa zao mfukoni ili waende nyumbani. Huyo anafanya kazi bila malipo, na zaidi ya hayo anailipia.

Simu ambayo hailali

Zamani karani akitoka ofisini, alikuwa ametoka. Siku hizi ofisi iko mfukoni. Kikundi cha WhatsApp cha idara ya hesabu kinaanza kulia saa kumi na mbili asubuhi na kinaendelea mpaka watu wamelala. Jumapili, watu wako kanisani, meneja anaandika: "Nani ana salio la benki la Ijumaa?" Hakuna aliyeamriwa kujibu. Lakini wawili wakijibu, wa tatu anaogopa kuonekana ndiye asiyejali kazi.

Ufaransa ilipitisha sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2017, ambayo inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kuzima mawasiliano ya kazi baada ya saa za kazi. Hapa Kenya, mwaka 2022 Seneta wa Nandi alileta muswada wa kubadilisha Sheria ya Ajira ili jambo kama hilo liingizwe, pamoja na adhabu kwa mwajiri. Shirikisho la Waajiri lilipinga. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ambayo ndiyo tunayoitumia haikuandikwa na kifungu cha namna hiyo. Ilitungwa wakati M-Pesa yenyewe ilikuwa na miezi michache tu. Kwa hivyo asidanganywe mtu kwamba akizima simu saa kumi na mbili jioni sheria inamtetea kwa jambo hilo moja kwa moja. Kinachomtetea ni siku yake ya mapumziko na kile kilichoandikwa katika barua yake ya kuajiriwa.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema mwajiri ndiye atakayepanga saa za kazi, na kwamba mfanyakazi ana haki ya siku moja nzima ya mapumziko katika kila siku saba. Siku hiyo si lazima iwe Jumapili, na jambo hili huwaudhi wengi wetu, lakini ni lazima iwepo. Karani anayekuja Jumatatu hadi Jumamosi kisha anaitwa Jumapili kusaidia "kidogo tu" ameshanyang'anywa siku hiyo. Mbali na hiyo kuna likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, yenye malipo kamili.

Kuhusu idadi ya saa, tunarudi nyuma kwenye Amri ya Jumla ya Mishahara ya mwaka 1982. Amri hiyo inasema wiki ya kawaida isizidi saa 52, zikigawanywa katika siku sita. Saa za kawaida na za ziada zikijumlishwa, zisizidi 116 kwa wiki mbili mfululizo. Anayefanya kazi saa za ziada katika siku ya kawaida alipwe mara moja na nusu ya malipo ya saa moja, na akifanya siku ya mapumziko au sikukuu ya taifa alipwe mara mbili. Malipo ya saa moja kwa mtu wa mshahara wa mwezi hupatikana kwa kugawanya mshahara wa msingi kwa 225. Baadhi ya biashara, zikiwemo hoteli, ulinzi na biashara ya maduka, zimewekewa amri zao, kwa hivyo ulizeni ofisi ya kazi ni amri ipi inayowahusu.

Wacha tufanye hesabu, kwa sababu tunazungumza na watu wa hesabu. Tuseme karani wa mnunuzi wa mahindi analipwa mshahara wa msingi wa shilingi 36,000. Gawanya kwa 225, unapata shilingi 160 kwa saa. Mara moja na nusu ni 240. Siku ya mapumziko ni 320. Katika msimu anaingia saa mbili asubuhi na kutoka saa mbili usiku, na anapata saa moja ya chakula. Hizo ni saa 11 kwa siku. Kwa siku sita ni saa 66. Ondoa 52, zinabaki saa 14. Zidisha kwa 240, inakuwa shilingi 3,360 kwa wiki moja. Kwa wiki nne ni shilingi 13,440, karo ya mtoto hiyo au sehemu yake kubwa. Na tusisahau kwamba saa 66 kwa wiki ni saa 132 kwa wiki mbili, wakati amri imesema mwisho ni 116. Yaani hata kama mwajiri angelipa kila senti, bado amepita mpaka.

Kuna jambo dogo hapa ambalo huwapotosha wengi. Mtu akifanya kazi saa mbili hadi saa kumi na moja kwa siku tano, na Jumamosi nusu siku mpaka saa saba, ukitoa saa ya chakula anapata saa 45 hivi. Akibaki saa moja moja kila jioni anafika 50, na bado hajavuka 52. Kama barua yake ya kuajiriwa haikusema lolote kuhusu saa, atapata shida kudai malipo ya ziada kwa hizo saa tano. Lakini kama barua inasema wiki yako ni saa 45, basi hapo una neno la kusimamia. Kwa hivyo barua ndiyo kila kitu. Sheria inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na saa za kazi ni mojawapo ya mambo yanayotakiwa kuandikwa ndani yake. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri akakosa kuonyesha maandishi hayo, ni juu yake mwajiri kuthibitisha au kukanusha yale ambayo mfanyakazi anasema walikubaliana.

Wahasibu wakuu na mameneja mara nyingi hupewa barua inayosema mshahara umejumlisha saa zote zitakazohitajika. Mtu aisome vizuri kabla ya kutia sahihi, maana akishatia sahihi mazungumzo yanakuwa magumu. Makeshia na makarani wa benki nao wengi wana chama chao, BIFU, ambacho hufanya mapatano na waajiri wa mabenki. Wao waulize mwakilishi wao wa chama. SACCO ndogo na mashirika ya mikopo mara nyingi hayana mwakilishi wa namna hiyo.

Pesa zinapopungua usiku

Hili tunaliweka peke yake kwa sababu limeleta machozi mengi. Karani amechoka, ni saa mbili usiku, amehesabu mara tatu, na droo imepungua shilingi 1,500. Mkubwa anasema itakatwa kwenye mshahara. Wengine hufanya vibaya zaidi: wanaigawanya kwa wote waliokuwa kaunta siku hiyo.

Kifungu cha 19 cha sheria kinaruhusu kukata upungufu wa pesa, lakini kwa masharti. Upungufu uwe umetokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi huyo, na mkataba wake uwe unasema wazi kwamba amekabidhiwa kazi ya kupokea, kutunza na kulipa pesa. Hatuoni mahali ambapo sheria inasema msichana wa kufungasha bidhaa alipe kwa sababu alisimama karibu na kaunta. Tena makato yote kwa jumla hayapaswi kupita theluthi mbili za mshahara. Na inafaa kuuliza kwa adabu: makosa haya hutokea saa ngapi? Tumemshauri mwenye duka mmoja aandike kwa mwezi mzima saa ambayo kila kosa lilitokea. Aliyaona mwenyewe. Karibu yote yalikuwa ya jioni, baada ya saa kumi na mbili.

Njia ya kurudi nyumbani

Ukitoka kazini saa tatu usiku mjini Bungoma na nyumba yako iko mbele ya Kanduyi, au uko Kitale na unalala Kiminini, matatu zimeanza kuadimika na waendeshaji boda boda wanajua hivyo. Nauli ya usiku hula kile ambacho ovataimu ingeleta, kama ingelipwa. Kwa mwanamke jambo hili si la nauli tu. Tunajua wazazi ambao huenda kusimama barabarani na tochi kila jioni kumsubiri binti yao mwenye diploma.

Mwajiri anayebakiza watu usiku na aweke gari, au awalipie pikipiki ya mtu anayejulikana. Kwa upande wa sheria, mfanyakazi akiumia ndani ya gari ambalo mwajiri ametoa bila malipo kwa ajili ya kuwapeleka watu kazini na kuwarudisha, Sheria ya Fidia ya mwaka 2007 inamhesabu kuwa alikuwa kazini.

Afya nayo hudhoofika polepole. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa matokeo ya uchunguzi wao: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo juu kwa asilimia 17. Karani wetu wa mahindi ana saa 66.

Kwa waajiri wanaosoma ukurasa huu

Tunajua wengi wenu ni wenye biashara ndogo, na mnalala mkiwa mmechoka kuliko makarani wenu. Hatuwaambii mfunge mapema na kupoteza wateja. Lakini kuna mambo yanayowezekana. La kwanza ni kufunga kaunta moja nusu saa kabla ya nyingine, ili keshia wake aanze kuhesabu wateja wakiwa bado wanahudumiwa kwingine. La pili ni zamu: mmoja aingie saa mbili na kutoka saa kumi na moja, mwingine aingie saa tano na kufunga duka. Duka la dawa tunalolijua lilifanya hivyo bila kuajiri mtu mpya. Na kama huwezi kulipa saa za ziada kwa pesa, jadilianeni muda wa kupumzika badala yake, lakini uandikwe, uwe na tarehe, maana ile ahadi ya "tutakuangalia Desemba" imewahi kuvunja urafiki wa miaka mingi.

Orodha ya mishahara ya chini ambayo serikali hutangaza humtaja keshia kwa jina, tena juu ya kibarua wa kawaida na karani wa kawaida. Anayeajiri keshia na kumwita "msaidizi wa duka" kwenye karatasi ili amlipe kidogo, ajue kwamba ofisi ya kazi huangalia kazi yenyewe ambayo mtu anaifanya.

Andika saa zako

Mahakama ya Ajira iliyoketi Mombasa mwaka 2016 ilieleza kwamba anayedai malipo ya saa za ziada ni lazima aonyeshe ni lini alifanya kazi na kwa saa ngapi zaidi. Kusema tu "nilikuwa nachelewa kila siku" hakutoshi. Na hapa ndipo makarani wetu huanguka. Mtu ameandika kila shilingi ya mwajiri kwa miaka minne bila kukosa, lakini saa zake mwenyewe hajaziandika hata siku moja.

Nunua kitabu kidogo cha mazoezi. Kila siku andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, kazi iliyokubakiza, na nani aliyekuagiza. Andika siku ile ile, usingoje mwisho wa wiki ukajaza kwa kukumbuka. Wewe ni mtu wa hesabu, unajua kitabu kilichojazwa siku moja kinavyoonekana. Ujumbe wa WhatsApp unaokuita Jumapili usiufute. Kitabu kikae nyumbani, si kwenye droo ya ofisi.

Baada ya miezi miwili au mitatu, zungumza na mkubwa wako kwa utulivu, ukiwa na jumla zako. Tumeona mambo yakimalizika hapo hapo, kwa sababu mwajiri mwenyewe hakuwa amejua ni saa nyingi kiasi hicho. Asiposikia, nenda ofisi ya kazi ya kaunti, Kitale au Bungoma, ukiwa na barua ya kuajiriwa, karatasi za mshahara na kitabu chako. Kulalamika kwa njia hiyo si sababu halali ya kumfukuza mtu kazi, na sheria imetaja hivyo waziwazi katika kifungu cha 46. Mambo yakishindikana huko, mahakimu waliopewa mamlaka tangu mwaka 2018 wanaweza kusikiliza kesi za ajira za mtu ambaye mshahara wake wote kwa mwezi hauzidi shilingi 80,000, hivyo si lazima kesi ianzie mbele ya jaji.

Jambo la mwisho ni muda. Madai yanayotokana na mkataba wa kazi hupelekwa mahakamani ndani ya miaka 3, lakini kwa kosa lililokuwa likiendelea mwezi hadi mwezi sheria inatoa miezi 12 tangu lilipokoma. Aliyeacha kazi Januari mwaka huu, na saa zake za ziada hazikulipwa, asingoje mpaka Krismasi ndipo aanze kutafuta karatasi zake.